Si mwili uliozoea dawa, ni vimelea vilivyochujwa

 

Ndugu msomaji, kuna neno moja lililoenea mno majumbani mwetu katika mkoa huu wa Songwe, kuanzia Tunduma hadi Mlowo na Vwawa, na kuteremka hadi mabonde ya Kamsamba. Mtoto akipata homa, akapewa dawa ya malaria na homa isishuke, husemwa, "Huyu mwili wake umeshazoea dawa hiyo, mbadilishieni." Husema bibi, husema mama, na mara nyingine husema hata muuzaji wa dukani ambaye tulitazamia ajue zaidi. Leo tunakusudia kulitazama neno hilo kwa kituo, kwa sababu ndani yake mna kosa dogo la kifikra lililozaa makosa makubwa ya kivitendo, na makosa hayo yanaua watoto.

Mwili wa mtoto haukuzoea kitu. Dawa ikishindwa, sababu zake ni nyingine. Yawezekana homa hiyo haikuwa malaria tangu mwanzo. Yawezekana dawa haikutimia kiasi chake, au mtoto aliitapika na hakuna aliyerudia. Na yawezekana vimelea vilivyomo katika damu yake ni vya namna isiyouawa na dawa ile. Hii ya mwisho ndiyo tunayotaka kuieleza kwa kirefu, nayo haifahamiki mpaka mtu akubali kwanza jambo moja: kwamba viumbe wa jinsi moja hawafanani.

Tofauti ndani ya jinsi moja

Mkulima wa Mbozi hahitaji mtu wa chuo kikuu amfundishe jambo hili. Analijua shamba lake la kahawa. Mwaka ambao ugonjwa wa chulebuni unaingia kwa nguvu, punje changa za mti mmoja hugeuka nyeusi na kuoza zikiwa bado tawini, ilhali mti mwingine uliopandwa msimu uleule, ukanyeshewa na mvua ileile, husimama na mazao yake. Miche chotara inayostahimili chulebuni na kutu ya majani, ambayo Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania (TaCRI), yenye kituo Mbimba wilayani Mbozi, imekuwa ikiwapatia wakulima, asili yake ni tofauti hiyohiyo. Wataalamu waliitafuta miti iliyostahimili, wakaizalisha pamoja na mingine yenye mavuno na ladha nzuri, kisha katika watoto wake wakateua ile iliyorithi sifa zote mbili. Mama wa kijijini anayetundika mahindi ya mbegu juu ya meko naye ni mteuzi; hatundiki hindi lolote lile.

Katika Sura ya Fatir yametajwa matunda, milima, watu, wanyama na mifugo, vyote pamoja na kutofautiana kwa rangi zake, na palepale wakatajwa wenye elimu. Kwa hiyo Muislamu kutazama tofauti hizi na kuuliza zinafanya kazi gani si jambo la kuonewa haya.

Sasa, katika kahawa na mahindi mteuzi ni binadamu. Lakini upo uteuzi usiokuwa na mkono wa mtu. Ukame ukiwa mkali, miche yenye mizizi mifupi hufa na yenye mizizi mirefu hubaki. Msimu unaofuata mbegu zilizopo ni za wale waliobaki. Hakuna mche uliojifunza kurefusha mizizi kwa kuwa ulikuwa na kiu. Walikuwapo wa namna mbili, jua likaondoa namna moja, na waliobaki wakarithisha walichokuwa nacho. Wataalamu wa elimu ya viumbe huliita jambo hili uteuzi asilia.

Tunajua kwamba neno hilo likitajwa, baadhi ya ndugu zetu hukunja uso, kwa kuwa limefungamana na jina la Mwingereza Charles Darwin aliyechapisha kitabu chake mwaka 1859, na huwakumbusha mjadala wa asili ya mwanadamu. Mjadala huo una mahali pake na una wenyewe, nasi hatukuja kuufungua hapa. Tunalolizungumza halimtaki mtu arudi nyuma miaka milioni. Hutokea katika damu ya wagonjwa wetu, na huonekana kwa vipimo vya maabara katika umri wa mtu mmoja. Wala kuwachunguza viumbe na mazingira yao si jambo geni katika maktaba zetu. Al-Jahidh wa Basra, aliyefariki mwaka 255 Hijria (868 au 869 Miladia), katika Kitab al-Hayawan aliandika kwa mapana jinsi wanyama wanavyowindana na jinsi mahali wanapoishi panavyoathiri maumbile yao. Hata hivyo, wale wanaopenda kumfanya kuwa Darwin wa Waarabu wanamtwika mzigo ambao si wake.

Kimelea na makosa ya kunakili

Malaria ya kwetu aghlabu huletwa na kimelea kiitwacho Plasmodium falciparum. Kikishaingizwa mwilini na mbu jike, hupita kwanza katika ini, kisha huvamia chembe nyekundu za damu. Ndani ya chembe moja hujizidisha kwa muda wa saa 48 hivi, chembe ikapasuka na kutoa vimelea vipya 16 hadi 32, kila kimoja kikikimbilia chembe yake. Kwa hesabu hiyo mgonjwa mmoja aliyelala mkekani anaweza kubeba vimelea mabilioni kwa mabilioni.

Kila kimelea kinapojizidisha, hunakili vinasaba vyake. Mwanafunzi wa madrasa akinakili somo lake ubaoni mara elfu, hapa ataruka nukta na pale ataongeza herufi. Ndivyo ilivyo kwa kimelea. Mengi ya makosa hayo hayana faida, na mengine hukiua kimelea chenyewe. Ila mara chache sana kosa moja huangukia mahali ambapo linakifaa.

Tuchukue klorokwini. Dawa hii ilitengenezwa Ujerumani mwaka 1934, ikaenea duniani baada ya Vita Kuu ya Pili, na kwa miongo kadhaa ndiyo iliyokuwa tegemeo la nyumba zetu. Watu wa rika letu wangali wanaukumbuka uchungu wake, na muwasho wake ambao uliwafanya wengine waogope dawa kuliko homa. Kazi yake ilikuwa hivi. Kimelea hula himoglobini, ile iliyomo katika chembe nyekundu, na mabaki ya chakula hicho ni sumu kwa kimelea chenyewe. Hujinusuru kwa kuigandisha sumu hiyo iwe kama vijiwe visivyodhuru. Klorokwini ilijikusanya katika tumbo la kimelea na kuzuia kugandishwa huko, kimelea kikafa kwa mlo wake chenyewe. Kimelea sugu ni kile ambacho vinasaba vyake vimebadilika kiasi kwamba mlango mmoja katika kuta za tumbo hilo unaitoa dawa nje kabla haijatimia kiasi cha kuua.

Dawa haikukaa na kimelea hicho ikakifundisha kujikinga. Chenye mlango ule kilikuwapo, pengine kimoja katika halaiki isiyohesabika, kikiishi miongoni mwa wenzake bila cheo chochote. Dawa ikaja ikafagia wenzake, nacho kikabaki na nyumba nzima.

Wenye kusema mwili umezoea na wajibu swali hili: katika miaka ambayo klorokwini ilikuwa imeshaharibika, walikuwapo watoto wachanga ambao hawajawahi kuionja hata siku moja. Walipopewa kwa mara ya kwanza haikuwafaa. Miili yao iliizoea wapi?

Nchi yetu ilipata onyo mapema. Katika miaka ya 1950, zama za Tanganyika, dawa ya pairimethamini ilipotolewa kwa wanakijiji karibu na Muheza, mkoani Tanga, ili kuwakinga, vimelea sugu vilijitokeza ndani ya miezi michache. Usugu wa klorokwini ulichukua muda mrefu zaidi. Ulionekana Asia ya Kusini-Mashariki mwishoni mwa miaka hiyohiyo ya 1950, na ilipofika mwishoni mwa miaka ya 1970 ukathibitishwa Kenya na Tanzania. Uchunguzi wa vinasaba uliofanywa baadaye ulionyesha kwamba vimelea sugu vya Afrika vilikuwa vimerithi badiliko lilelile la Asia. Kwa maneno mengine, kosa la kunakili lililotokea mbali lilivuka bahari ndani ya damu za watu, likakuta nchi nzima zinazomeza klorokwini, na huko likapata wa kulitandikia jamvi.

Yaliyotokea ng'ambo ya mto Songwe

Mkazi wa mkoa huu anaishi mahali ambapo jambo hili linaweza kuonekana kuliko sehemu nyingi. Tunduma ni mji wa njia. Reli ya TAZARA inapita, barabara kuu iendayo Zambia inapita, na tangu mwaka 2019 kituo cha pamoja cha forodha cha Tunduma na Nakonde kinahudumia pande zote mbili. Madereva wa malori hulala hapa usiku mmoja au mingi wakingoja zamu yao. Upande wa Ileje, mto Songwe unatutenga na Malawi, na watu wa Isongole na wa Chitipa huoana, huuziana na kuzikana. Kimelea hakigongi muhuri. Hupita ndani ya mtu, na mbu wa ng'ambo hukipokea.

Pamoja na ujirani huo, nchi hizi tatu hazikuacha klorokwini kwa wakati mmoja. Malawi ilitangulia mwaka 1993, ikahamia dawa ya SP, ambayo wengi wetu tuliijua kwa jina la Fansidar. Tanzania ilifuata mwaka 2001. Zambia iliamua mwaka 2002, na yenyewe ikaiacha klorokwini na kwenda moja kwa moja kwenye dawa mseto. Kwa hiyo kwa muda wa miaka minane mto mmoja ulikuwa na watu wanaomeza klorokwini ukingo huu, na watu walioiacha ukingo ule. Na Malawi haikuishia kutangaza tu. Iliiondoa klorokwini hata madukani.

Matokeo yake ni katika mambo ya ajabu ambayo elimu ya tiba imeyashuhudia katika bara hili. Mwaka 1992, katika sampuli zilizopimwa Malawi, vimelea vyenye lile badiliko la usugu vilikuwa asilimia 85. Kufikia mwaka 2000 vilikuwa vimeshuka hadi asilimia 13, na mwaka uliofuata wachunguzi waliotafuta badiliko hilo mjini Blantyre hawakulipata. Hatimaye wataalamu wakathubutu kuijaribu klorokwini yenyewe kwa watoto wagonjwa wa Blantyre, chini ya uangalizi. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2006, yalionyesha kwamba klorokwini ilifaa kwa asilimia 99, na SP, ile iliyokuwa dawa rasmi wakati huo, ilifaa kwa asilimia 21 tu. Dawa iliyokufa ilikuwa imefufuka, na iliyochukua nafasi yake ilikuwa mahututi.

Kwa nini? Hapa ndipo uteuzi asilia unapofahamika vizuri kuliko kwa mfano wowote tunaoujua. Ule mlango unaoitoa klorokwini nje si wa bure. Kimelea chenye kuubeba hudhurika kidogo katika ulaji wake na hakishindani sawasawa na wenzake. Ni kama mtu aliyevaa deraya: siku ya vita imemwokoa, lakini siku ya kulima mwenye shati jepesi humwacha nyuma. Klorokwini ilipoondoka, vita vimekwisha na deraya imekuwa mzigo. Vimelea dhaifu mbele ya dawa, ambavyo havikuwa vimekwisha kabisa bali vilibaki vichache huku na huko, vikawa ndivyo vyepesi zaidi, vikazaana na kurudi kuijaza nchi. Watafiti walipovichunguza kwa makini zaidi waligundua kwamba havikuwa vimelea sugu vilivyotubu, kwa kusema hivyo. Vilikuwa uzao wa namna nyingi wa vile vya zamani vilivyonusurika. Tofauti ndani ya jinsi moja ilikuwa imehifadhi kilichoonekana kupotea.

Kwetu pia hali ilifuata njia hiyo, kwa kuchelewa kulingana na kuchelewa kwetu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013, uliochukua sampuli katika mikoa kadhaa ya Tanzania Bara, ulikuta takribani vimelea tisa katika kila kumi vikiwa ni vya namna inayouawa na klorokwini.

Chujio hilo limepita hata juu yetu

Asidhani mtu kwamba haya ni ya vimelea tu. Malaria imewateua binadamu pia. Mwaka 1954 Anthony Allison, tabibu aliyekulia Kenya, alichapisha uchunguzi wake wa Afrika Mashariki kuonyesha kwamba mtu aliyerithi selimundu kwa mzazi mmoja tu hukingika kwa kiasi kikubwa dhidi ya malaria kali. Ndiyo maana kinasaba hicho kimeenea katika nchi za joto na mbu, na ni adimu zaidi kwa watu ambao wazee wao waliishi kwenye miinuko ya baridi. Lakini kinga hiyo ina gharama yake: wazazi wawili wanapokuwa wote wamebeba kinasaba hicho, kila mimba ina uwezekano wa robo moja ya kuzaa mtoto mwenye ugonjwa wenyewe, ambaye maumivu yake wanayajua waliomuuguza. Saudi Arabia imewataka wachumba kupimwa selimundu kabla ya nikahi tangu mwaka 2004. Jambo hilo linastahili makala yake peke yake, na tukijaaliwa tutaliandika. Hapa tumelitaja ili ionekane kwamba ndugu wawili wa tumbo moja, waliolala chini ya chandarua kimoja, wanaweza kuumwa na mbu yuleyule na mmoja akazidiwa na mwingine akapona upesi, wala asiwepo aliyerogwa.

Turudi katika nyumba zetu

Mtu anayeamini kwamba mwili wake ndio uliozoea, huiona dawa kuwa jambo lake binafsi. Hupunguza dozi makusudi, akisema hataki mwili uzoee. Hubadilisha dawa kila homa. Humeza vidonge vya siku ya kwanza, akipata nafuu huvifunga vilivyobaki katika kikaratasi kwa ajili ya homa ya mwakani. Na lipo lile linalotusikitisha zaidi kwa kuwa linafanywa kwa huruma: mama ana watoto wawili wenye homa na fedha za dozi moja, akaigawa nusu kwa nusu. Au jirani amegonga hodi usiku, akapewa vidonge vilivyobaki, na mtoaji akalala akijiona ametoa sadaka.

Tumwambie nini mama huyo? Tumwambie kwamba vimelea haviko makundi mawili tu, dhaifu na sugu. Vipo vya kati, vinavyostahimili dawa kidogo lakini haviwezi kuistahimili yote. Dozi kamili huviua hivyo vya kati pamoja na dhaifu. Nusu dozi huua dhaifu peke yake na kuviachia vya kati uwanja. Mtoto hupata nafuu kwa siku mbili tatu, maana vimelea vimepungua, kisha homa inarudi ikiwa na vimelea vilivyochujwa. Mbu akimuuma wakati huo, humpelekea mtoto wa jirani kilichobaki baada ya mchujo. Kwa mama huyo kuwapeleka watoto wote wawili kituo cha afya, hata kama ni kwa kukopa nauli, ni bora kuliko kuwagawia. Na kwa sisi tunaomsikia akihangaika, sadaka inayomfaa ni kumlipia dozi ya pili.

Dawa mseto tunayoitumia Tanzania tangu mwaka 2006, ile ya ALu, hutolewa mara sita kwa siku tatu: dozi ya kwanza, ya pili baada ya saa nane, kisha asubuhi na jioni kwa siku mbili zinazofuata. Idadi ya vidonge katika kila dozi hutegemea uzito wa mgonjwa. Humezwa pamoja na chakula chenye mafuta au maziwa, kwa sababu mojawapo ya dawa zake mbili haiingii vizuri katika damu bila mafuta. Anayeimeza kwa chai ya rangi amekunywa pungufu hata kama hakuacha kidonge. Mtoto akiitapika ndani ya muda mfupi, arudishwe kwa mhudumu aliyempa ili aelekezwe kuirudia.

Katika Ramadhani huwa tunaulizwa na wagonjwa ambao wameruka dozi za mchana kwa ajili ya saumu. Mgonjwa ameruhusiwa kufungua na kulipa siku nyingine, nayo ni ruhusa iliyo wazi katika Kitabu. Mwenye malaria iliyothibitishwa na apange dozi zake kwa maelekezo ya tabibu, asizisukume zote baada ya magharibi kwa kudhani amefanya jema mara mbili. Tunalisema hili kwa mkazo kwa sababu tumeona watu wazima wenye heshima zao wakiona aibu kufungua kwa homa.

Wenye maduka ya dawa muhimu, hasa pale karibu na mpaka, nao wana sehemu yao. Dereva anayeshuka kwenye lori akitetemeka na kusema nipe vidonge vinne nina haraka, asiuziwe vinne. Aelekezwe kupima kwanza, maana si kila homa ni malaria, na kila dozi inayoliwa bila malaria ni hasara isiyo na tija. Akithibitika auziwe dozi yote na aelezwe saa zake, kwa kuwa kesho atakuwa Zambia na keshokutwa Kongo, pamoja na alichobeba katika damu.

Kwa nini dawa mbili, na kwa nini Kagera

Msomaji makini atauliza: ikiwa hata dozi kamili huviacha hai vile vilivyo sugu kabisa, je, si tutafika palepale? Ni kweli, na ndiyo sababu ya kutumia dawa mbili kwa pamoja. Ikiwa kimelea kinachoponyoka dawa ya kwanza ni kimoja katika mamilioni, na kinachoponyoka ya pili vilevile, basi kinachoponyoka zote mbili ni nadra kupita kiasi. Artemisinini hufagia vimelea vingi kwa haraka, na mwenzake hukaa mwilini kwa siku kadhaa kumalizia. Mwenye kuimeza siku moja na kuacha ameivunja ndoa hiyo, na kuwaachia vimelea wapambane na mmoja mmoja.

Na tayari uteuzi umekwisha kuanza. Vimelea vinavyokawia kufa kwa artemisinini vilielezwa nchini Rwanda mwaka 2020, na Uganda mwaka 2021. Mwaka 2024 ukachapishwa uchunguzi wa wataalamu wetu, wakiwemo wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR), kuthibitisha hali hiyo katika wilaya ya Karagwe, mkoani Kagera. Dawa mseto bado iliwaponya wagonjwa hao, kwa kuwa dawa mwenza ilikuwa bado na nguvu. Kagera iko mbali na Songwe, lakini malori hayaoni kuwa ni mbali.

Hata kipimo huchuja. Nchini Eritrea ilibainika mwaka 2016 kwamba vimelea vingi vilikuwa vimepoteza vinasaba vya protini inayotafutwa na kipimo cha haraka. Vilivyoonekana vilitibiwa vikafa, visivyoonekana vikaachwa vikazaana, na nchi hiyo ikalazimika kubadilisha vipimo.

Limebaki swali ambalo tumeulizwa zaidi ya mara moja tulipolizungumza jambo hili na watu baada ya sala: ikiwa klorokwini inaua tena, na ni rahisi, kwa nini isirudishwe? Jibu ni kwamba vimelea sugu havikutoweka duniani, vimepungua tu mahali ambapo haviteuliwi. Mamilioni ya watu wakianza tena kuimeza peke yake, chujio lilelile litarudi kazini, na safari hii halitangoja badiliko livuke bahari kutoka Asia. Huko Malawi wataalamu waliipima tena kwa uangalifu kwa wajawazito wa Blantyre, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2018, lakini haikurudishwa kuwa dawa ya kutibu malaria hii ya kila siku. Tangu mwaka 2007 Malawi nayo inatumia dawa mseto, na SP, kwao kama kwetu, imebakizwa kwa kinga ya mama mjamzito anapohudhuria kliniki.